Mwanangu ana leseni ya miezi mitatu, ukoo mzima umeshapata dereva. Nawakatalia vipi?

MwanaChuno

Habari za usiku wakuu. Naandika kutoka Mtwara mjini, Chuno, watoto wameshalala. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani wiki mbili sasa.

Nina kijana wangu wa kwanza, katimiza miaka 18 mwezi wa nne, anasoma diploma chuo hapa hapa mjini. Baba yake yuko kazini Songea, anakuja mara moja kwa mwezi. Gari ya nyumbani ni IST, na dereva wake ni mimi, mwaka wa tisa huu. Mtoto alipofikisha umri tukampeleka chuo cha udereva, akachukua lena, akazunguka na bango la L mbele na nyuma, akafanya mtihani kwa trafiki, akaenda TRA akapewa leseni yake daraja D. Hakuna hatua tuliyoruka. Nalisema mapema kwa sababu najua wa kwanza kujibu atauliza kama leseni ni ya halali.

Na anaendesha vizuri. Nilimfanyisha mazoezi mwenyewe, jioni, Shangani. Wanaoijua Mtwara wanazijua barabara zile. Mji ulipimwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, wakachora barabara pana zilizonyooka kwa ajili ya mji mkubwa ambao haukuja. Mradi ukafa, barabara zikabaki. Ukikata kona vibaya una nafasi ya kujirudi, ukichelewa breki hakuna uliyemfikia. Barabara za Shangani zinasamehe. Baadaye tukaenda Mikindani, nikamwona anapunguza mwendo mwenyewe kwenye zile kona za kando ya bahari kabla sijafungua mdomo. Nilirudi nyumbani siku hiyo na moyo mweupe.

Leseni ilipotoka Agosti, simu zikaanza. Shangazi yake anataka kuwahishwa kliniki Ligula. Jirani, mtungi wa gesi umeisha. Mzee wa msikitini ana kikao Naliendele. Mama mdogo kashuka stendi na magunia mawili ya mbaazi. Kila mmoja ana haja ya kweli na hakuna aliyekuja kwa ubaya. Lakini nikakaa nikajiuliza: gari hii iko uani mwaka wa tisa, mbona mimi sikuwahi kupigiwa simu saa nne usiku? Jibu nikalipata hata sijamaliza kuuliza. Mimi naombwa. Mtoto anatumwa. Mtu mzima ukimwomba anakupangia siku, au anakwambia leo nimechoka, na unamwelewa. Kijana wa miaka 18 aliyelelewa hana neno hilo. Tumemfundisha tangu mdogo kwamba mkubwa akikutuma unakwenda, na somo limemwingia.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi, kulikuwa na arobaini Ndanda. Kaka yangu mkubwa akapiga simu Ijumaa usiku, na hakunipigia mimi, alimpigia mpwa wake. Kwa wasio wa kusini niseme tu kwamba kwetu mjomba si mtu wa pembeni. Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, asili yetu ukoo unahesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Kaka ndiye aliyesimamia jando la huyu mtoto, ndiye aliyempokea siku wanatoka. Akisema twende, hakuna anayeuliza tunarudi saa ngapi.

Mimi nilikuwa na mzigo wa vitenge unashuka dukani. Nikaambiwa wanaondoka alfajiri, watakuwa wamerudi kabla ya magharibi. Funguo nikatoa mimi, kwa mkono wangu.

Mnaijua njia: Mikindani, Mingoyo, Mtama, Nyangao, ndipo Ndanda. Zaidi ya kilomita 150 kwenda tu. Walirudi saa tatu na nusu usiku. Walioshuka nikawahesabu, saba, kwenye gari ya watu watano. Na kila aliyeshuka alinishika mkono kumsifia dereva. Mtoto anaendesha huyu, mama. Ametulia. Tumelala njia nzima.

Asubuhi nikatoka kufagia uani. Kwenye bampa ya mbele, upande wa kushoto, pamenasa kitawi cha mkorosho na majani yake, kimekauka nusu. Nikainama. Ubavu wote wa kushoto, kuanzia taa mpaka mlango wa nyuma, una michirizi ya miti. Saidi mira imekunjwa kwa ndani na kioo chake hakipo. Nikageuka, nikamkuta mwanangu amekaa barazani, mikono katikati ya magoti, ananiangalia. Inaelekea alikuwa pale tangu alfajiri akisubiri niione.

Alinieleza taratibu. Walichelewa kuondoka, dua ilivuta. Kabla ya Nyangao giza likawakuta, mbele yao kuna lori la korosho linajikongoja. Mjomba yuko kiti cha mbele, akamwambia "kata huyo, tunachelewa." Akasita. Mjomba akasema tena, "kata bwana, kata." Akakata. Alipofika ubavuni mwa lori akaona taa zinakuja mbele yake. Akakanyaga mafuta, akarudi kushoto, na palepale akaona majani barabarani, na nyuma ya majani lori jingine limeharibika, halina hata taa moja, limekaa nusu ya njia. Hakukuwa na pa kwenda isipokuwa nje ya lami, kwenye mikorosho. Akapita kati ya lori na miti. Waliokuwa nyuma wengine hata hawakuamka.

Akaniambia, "Mama, mimi nilijua si pa kukata. Nilijua kabisa. Sikuweza kumwambia mjomba hapana."

Ndugu zangu, kuendesha anajua. Ninachoomba ni mnisaidie maneno. Ukoo wenye heshima, wazee wenye haja za kweli, unawaambiaje kwamba huyu mtoto asitumwe bado, bila kumwonyesha kama mtovu wa adabu na bila mimi kuonekana nimeinyima jamii gari?

---

Kijana wa Masasi

Mama shikamoo. Mimi nina miaka 24 sasa, nimekuwa huyo kijana wako. Ukiwa na wazee garini, mguu ni wako lakini mwendo ni wao. Huwezi kumwambia babu funga mkanda. Huwezi kusimama upumzike, utaulizwa mbona umesimama. Nikiwa peke yangu naendesha 60, nikiwa na wajomba watatu nafika 110 na sijui imefikaje. Mshukuru Mungu amekwambia ukweli. Mimi yangu sikumwambia mtu mpaka leo.

---

Utingo Mstaafu

Mleta uzi pole, na mpe pole kijana. Nimeanza utingo, nikawa dereva wa malori, barabara ya kusini nimeipita tangu enzi tunavuka Rufiji kwa kivuko, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003. Niongee kama dereva, mambo ya ukoo wataongea wengine.

Kwanza huyo mtoto ana kichwa. Wengi wangekanyaga breki na kugeuza usukani kwa pamoja, na gari yenye watu saba ingebiringika. Lakini asijisifu, na wewe usimsifu kwa hilo. Pale palikuwa na mikorosho michanga. Kungekuwa na kalvati au mtaro tungekuwa tunaandika mengine.

Mfanyie hesabu hii kwenye karatasi. Gari ikiwa kwenye 80, kila sekunde moja inakula mita 22. Mtu akishtuka, mpaka mguu ufike kwenye breki, sekunde imekwenda. Hiyo ni mita 22 gari bado haijaanza hata kupungua. Na mwendo ukiuzidisha mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hauongezeki mara mbili, ni mara nne. Halafu weka watu saba. Halafu weka taa ndogo, kwa sababu kuna gari inakuja mbele. Unachokiona mbele ni kidogo sana. Majani ukiyaona umeshayakanyaga.

Na majani mfundishe. Wanamfundisha pembetatu kwa sababu ndiyo iko kwenye kitabu. Huku njiani ni matawi. Tawi la kwanza likionekana, mguu unatoka kwenye mafuta saa ileile, usisubiri kuona lori liko wapi, maana lipo. Na wakiliondoa lori, matawi mara nyingi wanayaacha, kwa hiyo dereva mchanga akikuta mara tatu matawi bila lori anaanza kuyadharau. Hapo ndipo pa kumkamata.

Kingine ni msimu. Sasa hivi korosho zinatembea, na makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanashuka bandarini Mtwara. Barabara hii ya leo si ile aliyokuwa anaiona akiwa mtoto amelala kiti cha nyuma. Mimi kijana wangu nilimwekea neno moja mwaka wa kwanza: jua likizama uko wapi, lala hapohapo. Magharibi ndiyo saa mbaya kuliko usiku wenyewe. Si mchana uone, si usiku taa zikusaidie. Mbuzi wanarudi, baiskeli zimebeba mkaa hazina taa, watoto wanatoka kisimani.

---

Mwera Halisi

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Naona tunawalea vijana kama mayai. Vijijini kwetu huku Ruangwa mjamzito akishikwa usiku, unatafuta mwenye gari, hutafuti mwenye leseni ya miaka mingapi. Kama kijana yupo, anajua, na gari ipo, halafu mama anasema mtoto wangu haendeshi usiku, huyo mjamzito afanyeje? Gari kwenye ukoo haikuwa ya mtu mmoja hata siku moja. Leo wewe unaficha funguo, kesho yakikufika wewe mlango wa nani utagonga?

---

MwanaChuno

Mwera Halisi sijakasirika, umenigusa penyewe. Mgonjwa sijawahi kumnyima gari na sitamnyima. Akija mjamzito saa nane usiku nitaamka mimi, nimevaa dera nililolalia, na kijana atakaa pembeni yangu. Lakini arobaini si uchungu wa uzazi. Arobaini ina tarehe, inajulikana siku 40 kabla. Magunia ya mbaazi hayafi. Ninachokiona ni kwamba dharura za kweli ni chache, ila kila safari inakuja imevaa nguo ya dharura.

---

Nesi wa Zamu

Dada nakuandikia niko zamu, nikipotea ujue nimeitwa.

Shirika la Afya Duniani lilishasema: kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, hakuna kinachoua duniani kuliko ajali za barabarani. Malaria haifiki, UKIMWI haufiki. Sisi wodini hatuhitaji kuambiwa, tunawapokea. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, inafuata nyuma, mtu anatangulia.

Nizungumzie wale saba. Mkanda wa nyuma watu wanauona pambo. Gari ikisimama ghafla, aliyekaa nyuma bila mkanda anakuja mbele na uzito wake wote, na anayempokea ni aliyekaa mbele yake. Nimeshamshona mtu aliyefunga mkanda vizuri kabisa, aliyemuumiza ni shemeji yake kutoka kiti cha nyuma. Na kwenye gari ya watano wakikaa saba, hao wawili wa ziada mkanda wao uko wapi? Mkanda haugawanywi. Mtoto akipakatwa ndiyo kabisa, mikono ya mama haimshiki.

Kwa hiyo neno la kwanza ambalo kijana wako anaruhusiwa kumwambia mkubwa yeyote liwe hilo: "Mjomba, mkanda." Mwambie asiombe ruhusa, asimame tu hapo gari haijawashwa. Wazee wanakubali wakiona unasubiri kwa heshima. Wanakataa ukiwaambia mkiwa mmeshaondoka.

Nimeitwa.

---

Binti Kitunda

Niko Lindi hapa, dada yangu kaolewa New Zealand. Alinieleza kitu nikakishangaa, na kinaendana na swali lako. Kule tangu 1987 leseni ya kijana inatoka kwa hatua. Hatua ya kwanza haendeshi bila mtu mzoefu pembeni. Akipanda ya pili anaendesha peke yake, ila kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri hapana, na kupakia abiria hapana, labda awe na mzoefu ubavuni. Marekani nako majimbo yameweka sheria za namna hiyo, kila moja na masharti yake.

Dada anasema faida yake kubwa ni kwamba mtoto halazimiki kukataa. Mtu akimwambia nipeleke, anasema leseni yangu hairuhusu, basi. Hajamkosea mtu adabu. Sheria ndiyo imekataa. Huku kwetu mtoto akitoka lena anaingia leseni kamili siku hiyohiyo, barabara zote zake, saa zote zake. Kwa hiyo hiyo hatua ya katikati lazima iwekwe na mzazi, na iwe na jina lako wewe. "Mama amekataa" ndiyo leseni yake ya hatua ya pili.

---

Mzee wa Stika

Kwa ufupi tu. Angalia stika ya bima. Kama ni bima ndogo, inalipa uliyemgonga, gari yako hailipwi hata senti. Na safari ambazo watu wanachangia "mafuta" zichunguze: daraja D ni gari binafsi. Siku abiria mmoja akimwambia trafiki nimelipa nauli, kijana ana kesi nyingine kabisa, na kampuni ya bima imepata sababu ya kukukimbia.

---

Mama Nanguruwe

Mwanangu MwanaChuno, mimi ni mtu mzima, wajukuu wananisomea huu uzi na wananiandikia. Usimpigie kaka yako simu. Simu inafanya neno linakuwa kali hata kama hukulikusudia. Nenda kwake kwa miguu yako. Na usiende peke yako, ukienda peke yako ni dada mdogo anamfokea kaka. Mama yenu yupo? Kama yupo, mchukue. Mjomba ana sauti kwa mpwa wake, lakini naye ana mama. Na usianze na lawama, anza na shukrani ya jando. Halafu weka kile kitawi mbele yake. Usiseme kitu, acha akione.

---

MwanaChuno

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Nimesoma yote, hata ya inbox. Mama Nanguruwe, nimefanya kama ulivyoniagiza.

Mama yetu yupo, anaishi Mikindani, si mbali na kaka. Jumapili baada ya adhuhuri nikamfuata, nikamweleza tukiwa tunatembea. Hakusema kitu, alijifunga kanga vizuri tu. Tukamkuta kaka chini ya mwembe anatengeneza nyavu za jirani. Tukaletewa maji. Nikaanza na jando, nikamshukuru, na nilimaanisha, maana mwaka ule baba yake hakupata ruhusa ya kazi na bila kaka mtoto angesubiri. Halafu nikafungua kanga. Ndani niliweka kile kitawi na ganda la saidi mira.

Kaka akakishika kitawi, akakigeuza, akakaa nacho muda mrefu. Majani yalikuwa yamekauka kabisa, moja likavunjikia mkononi mwake. Mama akamwuliza swali moja tu: "Ulimwona yule mtoto uso wake alipokuwa anapita pale?"

Kaka akajibu, "Sikumwona. Nilifumba macho. Nilikuwa natamka shahada."

Wiki tatu nzima alikuwa hajamwambia mtu. Wote walioshuka usiku ule na kumsifia mwanangu, mmoja wao alikuwa ameshajiaga. Nilikwenda pale nimejiandaa kwa ubishi, nikajikuta sina la kusema, nikalia. Yeye hakulia, ila kile kitawi hakukiweka chini.

Hatukuandikiana masharti. Nilimwambia ninachotaka: mpaka mwakani mwezi wa nane, kijana haendeshi jua likizama, habebi zaidi ya watu wanne, na hatoki nje ya Mtwara na Mikindani bila mimi au baba yake kukaa pembeni. Anayemtaka anipigie mimi, si yeye. Mgonjwa anagonga mlango wangu saa yoyote. Kaka akasema shangazi na mama mdogo atawaambia yeye, na akiwaambia yeye wataelewa. Kweli, tangu Jumatatu simu ya mtoto imetulia. Mzee wa msikitini alinipigia mimi, nikampeleka mimi.

Kuna mmoja alinuna, simtaji, ni wa karibu. Anasema nimemfanya kijana kuwa mtoto tena. Huyo nimemwacha kwanza, sina jibu lake.

Utingo Mstaafu, ile hesabu ya mita 22 tumeifanya. Tulikwenda Shangani, mwanangu akapima kwa hatua, 22, akaweka kandambili yake mwisho. Akasimama akaitazama ile kandambili muda mrefu. Akaniuliza, "Na hapo gari bado haijapungua?" Nikamwambia bado.

Jana kaka alikuwa na safari ya Masasi. Alipanda kosta. Alinipigia mimi saa mbili asubuhi, akaomba kijana ampeleke stendi. Nikatoa funguo. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia: kaka mbele, mkewe na mama yetu nyuma. Mwanangu alikaa kwenye usukani na hakuwasha. Kaka akavuta mkanda, ukagoma, akauvuta tena, ukaingia. Mtoto bado hajawasha, anaangalia kwenye kioo. Kaka akageuka nyuma, akamwambia mama, "Mama, na wewe."